Musikolojia katika shahada ya muziki: somo linalopaswa kuanzia kwenye ala

Mwanafunzi anayejiunga na shahada ya muziki katika chuo kikuu cha Uganda huja na sauti yake, au na kinubi chake cha adungu, au na vyeti vya mitihani ya piano ya bodi ya Uingereza ya ABRSM, na matarajio yake ni kwamba atatoka akiwa mpigaji bora kuliko alivyoingia. Kabla muhula wa kwanza haujaisha anagundua kwamba sehemu kubwa ya saa zake imechukuliwa na somo lisilomfundisha kupiga chochote. Somo hilo ni musikolojia, yaani uchunguzi wa kitaaluma wa muziki: historia yake, muundo wake, nadharia zake na nafasi yake katika jamii. Manung'uniko huanza hapo, na wapo wahadhiri wa vitendo ambao huyaunga mkono chinichini, kwa kuwa wao pia wanaona saa za mazoezi zikiliwa na insha. Kwa maoni yangu, manung'uniko hayo yana haki kuhusu namna somo linavyofundishwa mara nyingi, lakini hayana haki kuhusu somo lenyewe. Hapa Uganda mpigaji ndiye anayeihitaji musikolojia kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu sehemu kubwa ya muziki anaotakiwa kuupiga ilikatika njiani kabla hajazaliwa, na hakuna njia ya kuiunga tena isipokuwa kwa utafiti.

Utengano kati ya kupiga muziki na kuuchunguza haukuanzia Kampala. Huko Ulaya shughuli hizo mbili zilikulia katika nyumba tofauti. Konsevatori ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 1795, na ile ya Leipzig, aliyoianzisha Felix Mendelssohn mwaka 1843, zilikuwa mahali pa kufunda wapigaji na waimbaji chini ya mabingwa. Musikolojia ilizaliwa katika vyuo vikuu, mikononi mwa watu wa maktaba, na Guido Adler alipochapisha mwaka 1885 mpango wake wa taaluma hiyo, akiigawa katika tawi la historia na tawi la mfumo, alikuwa akiitafutia hadhi mbele ya taaluma nyingine za chuo kikuu, wala hakuwa na haja ya kumsaidia mpiga fidla. Konsevatori zilipoanza baadaye kutoa shahada, zililazimika kuongeza masomo ya kitaaluma ili cheti kistahili jina hilo, na mwanafunzi wa konsevatori hadi leo hulijua somo hilo kama ushuru anaoulipa ili aruhusiwe kupiga.

Uganda haikuwahi kujenga nyumba ya kwanza. Hatukuwa na konsevatori ya serikali, na mafunzo ya juu ya muziki yalipoanza Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1970 yaliwekwa katika idara moja iliyobeba muziki, ngoma na maigizo kwa pamoja. Leo inaitwa Idara ya Sanaa za Maonyesho na Filamu. Kyambogo nako, kwa urithi wake wa chuo cha ualimu, muziki umefundishwa kwa jicho la mwalimu wa shule. Kwa hiyo anayepiga, anayecheza, anayetafiti na anayejiandaa kushika chaki huketi katika darasa moja, mara nyingi mbele ya mhadhiri mmoja. Wengi huuona mpangilio huu kuwa dalili ya umaskini wetu. Mimi nauona kuwa bahati ambayo hatujaitumia, kwa maana ukuta ambao wenzetu wanahangaika kuubomoa sisi hatukuujenga, isipokuwa katika mitaala tuliyoinakili.

Ili hoja isielee hewani, tuichukue ala moja: amadinda, marimba ya Kiganda yenye mbao kumi na mbili zinazolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja upande wake. Wa kwanza huanzisha mfululizo wake wa mapigo yaliyo sawasawa, na kazi hiyo huitwa okunaga. Wa pili huingiza mfululizo wake katikati ya mapigo ya mwenzake, pigo kwa pigo, na hiyo huitwa okwawula. Kila mmoja hupiga kwa mikono miwili katika oktava, yaani sauti ileile, moja chini na moja juu, na mapigo yao yanapofungamana kwa kasi, sikio haliwezi tena kutenganisha nani amepiga nini. Hapo ndipo yanapotokea mambo ya ajabu: msikilizaji husikia viitikio vidogo vidogo, vingine vya chini na vingine vya juu, ambavyo hakuna mkono wowote uliovipiga kama vilivyo. Mpigaji wa tatu, omukoonezi, hukaa kwenye mbao mbili za juu kabisa, na kazi yake ni kukisikia kiitikio kinachojitokeza katika sauti mbili za chini, kisha kukirudia oktava mbili juu. Kwa maneno mengine, mtu huyu wa tatu anapiga kile ambacho wenzake wawili hawajui kwamba wamekipiga.

Sasa mlete mwanafunzi wa mwaka wa pili mbele ya ala hiyo. Mikono yake ni myepesi, na mfululizo wake ameukariri. Lakini amadinda aliyoikuta katika chumba cha mazoezi, kama ilivyo nyingi zinazochongwa kwa ajili ya shule na kwaya, imelinganishwa na piano: do, re, mi, so, la. Anapiga, na muziki unatoka mzuri, hata unapendeza zaidi kwa sikio lililozoea gitaa. Shida ni kwamba hiyo si skeli, yaani ngazi ya sauti, ambayo muziki huu ulitungiwa. Klaus Wachsmann, aliyezaliwa Berlin mwaka 1907 na kuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia mwaka 1948 hadi 1957, alizipima ala za Buganda na kukuta kwamba sauti tano za oktava zimepangwa kwa umbali unaokaribia kulingana. Oktava nzima ni senti 1200 kwa kipimo cha wataalamu wa sauti. Ukiigawa kwa tano, kila hatua ni takriban senti 240. Katika skeli ya piano ya sauti tano, hatua nyingine ni senti 200 na nyingine 300. Kwenye karatasi tofauti hiyo huonekana ndogo. Katika muziki ni kubwa mno, kwa sababu ya desturi ya miko: wimbo uleule unaweza kuhamishwa ubao mmoja juu, kisha mwingine, hadi upigwe katika nafasi zote tano. Hatua zikiwa karibu sawa, wimbo uliohamishwa hubaki wimbo uleule, ingawa umbo lake hubadilika pale unapofika mwisho wa mbao na kukunjwa kurudi upande wa pili. Hatua zikiwa za piano, kila ukihama unapata wimbo mwingine wenye hisia nyingine, na miko inakosa maana.

Mwanafunzi huyu anahitaji kujua nini ili apige vizuri? Mazoezi ya vidole peke yake hayamtoshi, hata akifanya mazoezi tangu alfajiri hadi jua linazama, maana kosa limo ndani ya mbao, mbali na mikono yake. Anahitaji kujua kwamba ukichonga ubao chini yake, sehemu ya katikati, sauti inashuka, na ukichonga kwenye ncha, sauti inapanda. Anahitaji kusikiliza rekodi ya zamani na kulinganisha. Anahitaji kusoma kile alichopima Wachsmann, na akisome kwa mashaka, kwa kuwa vipimo vya ala mbalimbali havikufanana kabisa, na neno "karibu sawa" limebeba mjadala ambao haujafungwa. Akifanya hayo yote atakuwa amefanya musikolojia, tena ile ngumu, bila kuandika ukurasa hata mmoja kuhusu maisha ya Mozart.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asiende tu kwa wazee akajifunze kwao, kama walivyojifunza waliotangulia. Swali ni zuri, na jibu lake liko katika historia ya nchi hii. Muziki wa jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, ulikuwa na wenyewe: vikundi vya wapigaji vilivyokuwa na zamu zao, vijiji vyao na ardhi waliyoishi kwa sababu ya kazi hiyo. Mei 1966 majeshi ya serikali kuu yalilivamia Lubiri la Mengo, yaani jumba hilo la Kabaka, Kabaka Mutesa II akakimbilia uhamishoni, ala nyingi za jumba zikaangamia na wapigaji wakatawanyika. Mwaka uliofuata falme zote zilifutwa kisheria, na kurejeshwa kwake hakukuanza hadi mwaka 1993. Hesabu ya miaka hiyo inatosha kueleza mambo: kijana aliyekuwa akifundishwa akiwa na umri wa miaka kumi na mitano mwaka 1966 alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka arobaini falme ziliporudi, kama alikuwa bado hai, na kwa muda wote huo hakuwa na mahali rasmi pa kuipigia ala yake wala mwajiri wa kumlipa. Entenga, seti ya ngoma kumi na tano, nyingi zikiwa zimelinganishwa sauti, iliyopigwa na watu sita, ilibaki katika kumbukumbu za watu wa kuhesabika kwa vidole.

Katika ufalme wa Busoga hali ilikuwa hiyohiyo. Bigwala, mabaragumu ya vibuyu yanayopigwa na watu watano au zaidi, kila mmoja akitoa sauti moja tu kwa wakati wake hadi wimbo ukamilike, yalikuwa muziki wa matukio ya kifalme. UNESCO ilipoyaweka mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ilielezwa kwamba wazee waliobaki na ujuzi kamili wa kuyatengeneza na kuyapiga walikuwa wanne. Kazi ya kuyafufua, ambayo James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo aliishiriki kwa karibu, ilibidi ianzie kwenye kilimo, kwani aina ya vibuyu vinavyofaa ilikuwa imekwisha kuwa adimu. Sijui mtaala wa muziki wa nchi gani nyingine unaoweza kumdai mwanafunzi atafute mbegu kwanza, lakini wetu una sababu zote za kufanya hivyo. Ukimuuliza mtafiti katika kazi ya namna hiyo kama yeye ni mpigaji, mwanamusikolojia, mtengenezaji wa ala au mwalimu, hatakuwa na jibu moja, na hiyo ndiyo sababu mgawanyo tuliourithi kutoka Paris na Leipzig hautufai.

Kuna pia suala la rekodi. Kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950, Wachsmann alizunguka nchi akirekodi, na Hugh Tracey naye alifika kutoka Afrika Kusini na mashine zake. Rekodi hizo zina thamani kwa sababu ya tarehe zake tu: zilifanywa kabla ya 1966. Za Wachsmann zilihifadhiwa London kwa miongo mingi, na nakala zake za kidijitali zimerudi Makerere, katika hifadhi yenye jina lake ambayo Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza aliisimamia kuanzishwa kwake. Hatua hiyo ni kubwa. Hata hivyo rekodi iliyorudi haijifundishi yenyewe. Anayeisikiliza anapaswa kujua mashine za wakati ule zilikuwa zinaenda kasi gani, kwa sababu kasi ikikosewa kidogo sauti yote inapanda au kushuka, na vipimo vyote vya skeli vinapotoka. Anapaswa kujua ni nani aliyepiga, alipigia wapi, na kama wimbo ulifupishwa ili utoshee kwenye sahani ya santuri. Anapaswa kujua lugha. Hifadhi ambayo wapigaji hawaiingii itabaki kuwa mali ya wageni wanaokuja na ruzuku za utafiti, na watarudi kwao na tasnifu kama walivyofanya waliowatangulia.

Habari za hao waliotangulia zinastahili kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu mara nyingi husimuliwa nusunusu. Mwishoni mwa mwaka 1959 kijana wa Austria, Gerhard Kubik, alifika Kampala akajifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda, aliyekuwa mpigaji wa jumba la Kabaka na mtumishi wa Jumba la Makumbusho. Mwaka 1960 Kubik alichapisha uchambuzi wa muundo wa muziki huo, akaandika mapigo kwa tarakimu 1 hadi 5 badala ya mistari mitano ya nota, na akatoa maelezo ya vile viitikio vinavyosikika bila kupigwa na mkono mmoja. Uchambuzi huo umefundishwa duniani kote. Ni kweli kwamba Kubik hakuficha jina la mwalimu wake, na ni kweli pia kwamba aliweza kuandika alichoandika kwa sababu alikaa chini akapiga kwanza. Hilo la pili ndilo linalonivutia zaidi. Ugunduzi ulitoka mikononi: ni mpigaji aliyeona kwamba masikio yake yanasikia kitu ambacho mikono yake haifanyi, akaamua kuuliza sababu. Wala isidhaniwe kwamba Waganda wenyewe walikuwa kimya. Joseph Kyagambiddwa alikwisha kuchapisha New York mwaka 1955 kitabu chake juu ya muziki wa nchi yake, na mwaka 1964, Wakatoliki walipokusanyika Roma kuwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, utungo wake mkubwa wa kwaya kuhusu mashahidi hao uliimbwa huko, ukiwa umejengwa juu ya misingi ya muziki wa Kiganda. Mtunzi na mchambuzi walikuwa mtu mmoja. Ningependa kuona mitihani yetu ikiuliza maswali juu ya Kyagambiddwa kwa uzito uleule inaoulizia sonata.

Mfano wa adungu ni mfupi zaidi, ila unauma zaidi kwa kuwa uko kila mahali. Kinubi hiki cha upinde ni cha Waaluri wa West Nile. Leo kimeenea Uganda nzima: makanisani, hotelini, katika vikundi vya harusi na mashindano ya shule, kikiwa kimetengenezwa kwa ukubwa tofauti tofauti kuanzia kidogo cha sauti ya juu hadi kikubwa cha besi, na kimelinganishwa na skeli ya sauti saba ya kizungu ili kiweze kusindikiza nyimbo za kanisa. Hakuna ubaya katika hilo; ala husafiri na kubadilika, na mpangilio huu mpya una ufundi wake. Ubaya unakuja pale mhitimu wa shahada anapopanda jukwaani na kuwaambia watalii kwamba wanachokisikia ni muziki wa kale wa Waaluri. Yeye hadanganyi, ila hajui, na shahada yake haikumpa nafasi ya kujua. Stephen Rwangyezi wa kundi la ngoma la Ndere amejijengea sifa kwa miongo kadhaa kwa kusimama katikati ya ngoma na nyimbo akiwaeleza watazamaji kila moja imetoka wapi na inachezwa kwa nini, na watu hulipa kiingilio kumsikiliza kama wanavyolipa kuona ngoma zenyewe. Wanaosema musikolojia haina soko wangefaa kulikumbuka hilo.

Utafiti wa Nannyonga-Tamusuza juu ya baakisimba, ngoma na mchezo wa Kiganda, uliochapishwa mwaka 2005, unaonyesha jambo jingine ambalo mpigaji hawezi kulipata kwa mazoezi. Katika desturi ya Buganda upigaji wa ngoma ulikuwa kazi ya wanaume, na wanawake walikuwa wachezaji. Shule, hasa za wasichana, ziliubadilisha mpangilio huo kwa sababu ya kawaida kabisa, kwamba palipo na wasichana watupu lazima msichana ashike ngoma. Binti anayepiga ngoma leo katika chumba cha mazoezi cha chuo ni matokeo ya historia hiyo. Akiijua, atamjibu kwa hoja mzee atakayemkemea kijijini. Asipoijua, atanyamaza, au atamjibu kwa matusi.

Kanisani nako kuna kazi. Luganda ni lugha ya toni, na neno likipandishwa pale linapopaswa kushuka linaweza kubeba maana nyingine au kukosa maana. Nyimbo nyingi za vitabu vya makanisa zilifasiriwa juu ya tuni za Ulaya zilizokwisha kutungwa, na tuni hizo hazikuijua toni ya lugha. Waumini wamezizoea, hata wanazipenda, na mimi si mmoja wa wanaotaka zichomwe moto. Lakini kiongozi wa kwaya anayetunga wimbo mpya leo hana kisingizio cha kurudia kosa la mwaka 1900. Uchambuzi wa toni na mwendo wa wimbo hufundishika kwa muhula mmoja, na faida yake inasikika Jumapili inayofuata.

Tuje kwa wanaopinga. Pingamizi la kwanza ni la ajira, na lina uzito. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada katika shule za sekondari hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na walimu wa masomo ya sanaa wakagoma kwa sababu wao waliachwa pale pale. Ujumbe uliofika kwa wazazi ulieleweka bila mkalimani. Muziki katika shule ya msingi haumo katika mtihani wa kumaliza darasa la saba, ambao una masomo manne tu, kwa hiyo walimu wakuu wengi huutumia muda wake kwa hesabu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umeunganisha muziki, ngoma na maigizo kuwa somo moja la sanaa za maonyesho. Katika mazingira hayo, mwanafunzi anayesema anataka kujifunza kupiga tu, ili aishi kwa harusi, kwanjula (sherehe ya kutambulishana kwa familia za wachumba), kanisa na studio, anazungumza kwa akili timamu. Namjibu kwa akili hiyohiyo: vijana wanaopiga vizuri bila shahada wamejaa Kampala, na wengi wao ni wepesi kuliko yeye. Kama miaka mitatu ya chuo itampa wepesi wa mikono pekee, amenunua kwa bei ghali kitu kinachopatikana bure katika mitaa ya Kibuye au Kawempe. Anachoweza kupata chuoni pekee ni uwezo wa kuingia katika hifadhi, kupima ala, kusoma uchambuzi, kuhoji mzee kwa adabu na mpangilio, na kuandika ripoti ambayo jumba la makumbusho, kituo cha redio au mfadhili wa tamasha anaweza kuifanyia kazi.

Pingamizi la pili ni la saa, na hapa nawaunga mkono wanaolalamika. Palipo na mhadhiri mmoja na wanafunzi wengi, musikolojia hugeuka haraka kuwa historia ya muziki wa Ulaya inayosomwa kwa imla: vipindi, majina, tarehe za kuzaliwa na kufa, kisha mtihani wa kuyatapika yote. Mwanafunzi hukariri kwamba Bach, mtunzi wa Ujerumani, alifariki mwaka 1750 bila kuwahi kusikia jinsi sauti zinavyopishana katika muziki wake, na akitoka nje ya chumba cha mtihani hana haja nalo tena. Saa hizo ni bora arudishiwe akafanye mazoezi.

Hata hivyo dawa yake haimo katika kumfukuza Bach. Katika Ulaya ileile, na karibu katika miaka ileile ambayo Wachsmann alikuwa akizunguka Uganda na mashine yake ya kurekodi, wapigaji walianza kuuliza kama Bach wanayempiga ndiye Bach. Nikolaus Harnoncourt, mpiga cello, aliunda mwaka 1953 kundi lake la Concentus Musicus Wien, wakatafuta ala za zamani, wakafunga nyuzi za utumbo, wakasoma maandishi ya walimu wa karne ya 18, wakajaribu ulinganishaji tofauti na ule wa piano ya leo. Walichekwa. Baadaye dunia nzima ya konsevatori iliwafuata, na leo mwanafunzi wa fidla huko hufundishwa kwamba swali la sauti ya A, ambayo ala hulinganishwa nayo, ilikuwa juu kiasi gani wakati fulani na mji fulani ni swali la mpigaji. Ukimfundisha Bach kwa njia hiyo mwanafunzi wa Kampala ambaye juzi alikuwa akibishana kuhusu senti 240, ataona mara moja kwamba ni swali moja limeulizwa katika nchi mbili, na hutahitaji kumlazimisha akariri lolote.

Kwa hiyo ninalopendekeza ni mabadiliko ya mahali pa kuanzia, na gharama yake si kubwa. Onyesho la mwisho la mwanafunzi, ambalo kwa kawaida hupimwa kwa ufundi wa kupiga peke yake, lingedaiwa pamoja na kazi ya utafiti juu ya kipande kimoja kati ya vile anavyovipiga: ala imelinganishwaje na kwa nini, toleo hili limetoka kwa nani au katika rekodi ipi, limebadilishwa wapi, na ushahidi uko wapi. Utetezi ufanyike palepale kwenye ala, mbele ya watahini, akiulizwa na kujibu kwa kupiga. Ili kupata nafasi, kozi mojawapo ya historia ya Ulaya ipunguzwe nusu. Karakana ndogo ya kuchonga na kulinganisha ala ni muhimu kuliko piano ya pili, na bei yake ni ndogo kuliko ya piano hiyo, kwa sababu mbao, patasi na vigogo vya migomba vinapatikana hapa hapa.

Jambo gumu zaidi litakuwa la watahini. Kwa amadinda, embaire (marimba ya Kisoga) au bigwala, mtu mwenye uwezo wa kusema kwamba okwawula imechelewa, au kwamba ubao wa nne umepanda, mara nyingi ni mzee asiye na cheti chochote, na taratibu za vyuo humtaka mtahini awe na shahada ya juu kuliko anayetahiniwa. Huwa tunalikwepa tatizo hili kwa kumwalika mzee kama mgeni: anapigiwa makofi, anapiga picha na wakuu, anapewa nauli na soda, kisha alama zinatolewa na watu wengine. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu ndilo linaloidhinisha programu za vyuo, na pendekezo la kumpa mzee kiti kamili cha mtahini wa vitendo, mwenye kura yake katika alama, linaweza kuandikwa ndani ya programu na kupelekwa huko likajadiliwe kwa uwazi. Litakataliwa mara ya kwanza, bila shaka. Lipelekwe tena, na safari hiyo liambatanishwe na kiwango cha malipo kinacholingana na anacholipwa mtahini wa nje anayekuja kwa ndege.